Lanzarote bila kulala ufukweni

Ndugu, umeuliza utafanya nini Lanzarote, kile kisiwa cha Hispania, maana wiki nzima ya ufukweni itakuchosha. Anzia La Geria. Pale mizabibu imepandwa ndani ya mashimo ya majivu meusi ya volkano, kila shimo na ukuta wake mdogo wa mawe, nusu duara, wa kukinga upepo. Mvua kule ni haba mno. Majivu ndiyo yanayonasa umande wa usiku na kuuzuia udongo usikauke. Chuchumaa ukingoni uchote kiganja kimoja: vipande vyepesi, vikavu, kama mkaa uliopondwa. Majivu hayo ni ya milipuko ya 1730 hadi 1736 iliyofukia vijiji kadhaa, na wakulima wakapata shamba humo humo. Mimi ningekaa hapo siku nzima.

Siku nyingine nenda Jameos del Agua, pango lenye ziwa la maji ya chumvi na kaa wadogo weupe, vipofu. Tafadhali sana usitupe sarafu majini, zinawadhuru. Timanfaya nayo, hifadhi ya volkano ambayo chini bado ina joto kali, utaona maji yakimwagwa kwenye bomba ardhini, mara yanaruka juu yakiwa mvuke. Huko wahi asubuhi, foleni ya magari huwa ndefu.