Maswali ya Wakulima: Nyanya za Kitalu Nyumba

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa waliojenga kitalu nyumba wakapanda nyanya. Tumechagua tano.

Nina kitalu cha meta 8 kwa 15, nailoni juu na pande zote. Nyanya aina ya Anna F1 zimerefuka na majani ni mazuri, lakini maua yanakauka na kupukutika kabla ya kushika tunda. Nimepulizia busta (mbolea ya majani) mara mbili, hakuna mabadiliko. – Msomaji, Bagamoyo

Acha busta, fedha yako inapotea. Tundika kipimajoto usawa wa vichwa vya mimea, mahali kisipopigwa na jua moja kwa moja, kisha ukisome saa nane mchana. Kitalu kilichofungwa nailoni pande zote huko pwani huvuka nyuzijoto 40 bila shida. Chavua ya nyanya huanza kuharibika joto likipita nyuzi 32. Ua lisilochavushwa hukatikia pale kwenye kifundo cha kikonyo, ndiyo hayo unayoyaokota chini.

Toa nailoni ya pembeni yote, uweke neti ya kuzuia wadudu kuanzia nusu meta kutoka ardhini hadi kwenye paa. Ile nusu meta ya chini iache na nailoni ili mvua isirushe tope kwenye majani. Paani panahitajika mwanya wa kutolea hewa ya moto, wenye urefu wote wa kitalu, nao ufunikwe kwa neti. Uelekeze magharibi: kusi huvuma toka kusini mashariki na kaskazi toka kaskazini mashariki, kwa hiyo misimu yote miwili upepo utapita juu ya paa na kuivuta hewa ya moto nje badala ya kuirudisha ndani.

Hata ukifanya hayo, usiku wa kaskazi hautakuonea huruma. Nyanya hutaka usiku uliopoa, chini ya nyuzi 21 hivi, na Bagamoyo ya Januari haina usiku wa namna hiyo. Sia mbegu katikati ya Aprili, hamisha miche katikati ya Mei, maua yaangukie mwishoni mwa Juni na Julai. Januari na Februari kiache kitalu bila nyanya, joto hilo ulitumie kuuchoma udongo kama tunavyoeleza kwenye swali la tatu.

Jambo jingine: ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini lazima litikiswe, na ndani ya kitalu hakuna upepo wa kutosha. Kila siku kati ya saa nne na saa sita, chavua ikiwa imekauka, pita ukigonga nyaya zinazoshikilia kamba za mimea. Kwa mimea 300 ni kazi ya dakika kumi.

Nyanya zangu zinaoza kitako. Duka la pembejeo wameniuzia dawa ya ukungu, nimepiga wiki tatu, bado. Namwagilia kwa ndoo kila baada ya siku tatu. – Msomaji, Iringa

Jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Kuoza kitako hakuletwi na ukungu. Ni tunda kukosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni ila haifiki kunakotakiwa. Husafiri ndani ya mmea pamoja na maji tu, na majani, kwa kuwa ndiyo yanayopumua maji mengi, huivuta kuliko tunda. Udongo ukikauka siku mbili kisha ukafurika siku ya tatu, tunda changa, hasa katika wiki mbili za kwanza, ncha yake hubaki bila kitu na seli zinabomoka. Doa jeusi utaliona baadaye, sababu imeshapita.

Mmea uliobeba matunda hunywa lita 1 hadi 2 kwa siku kufuatana na jua. Kitalu cha mimea 300 kinataka basi lita 300 hadi 600 kila siku, na ndoo haitakufikisha. Weka tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa meta moja na nusu, chujio mara tu baada ya koki, kisha mipira ya matone yenye matundu kila sentimeta 30. Fungulia mara mbili, saa moja asubuhi na saa sita mchana. Chimba kwa kidole jioni: kina cha sentimeta 10 udongo uwe unashikana ukiufinyanga, lakini usitoe maji.

Punguza urea, kwani naitrojeni ya amonia hushindana na kalsiamu mizizini. Tumia nitrati ya kalsiamu kupitia matone, lakini usiichanganye katika tangi moja na mbolea yenye salfeti au fosfati. Zikikutana hugeuka chenga nyeupe kama jasi na kuziba matundu. Wengi hulaumu mipira kumbe ni mchanganyiko. Kabla ya msimu ujao pima udongo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Mlingano, Tanga, wana maabara. Ukikuta pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, iko chini ya 5.5, weka chokaa kabla ya kupanda.

Yaliyooza yachume uyatupe. Hayaponi, na yanamnyonya mwenzake aliye juu.

Mmea unanyauka mchana ukiwa bado kijani, usiku unazinduka, siku ya tatu au ya nne umekufa. Jirani yake anafuata. Nipige dawa gani? – Msomaji, Lushoto

Kwanza tujue ni nini. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa sentimeta 10, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha ya chini iguse maji. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Nyuzi zisipotoka, na majani ya chini yalianza kugeuka manjano, pengine upande mmoja tu, na shina ukilipasua lina mistari ya kahawia, ni mnyauko fuzari. Ng'oa na mizizi uitazame: ikiwa na vifundo vifundo, una minyoo fundo, na minyoo hiyo huwafungulia mlango wote wawili.

Kwa mnyauko bakteria hakuna dawa ya kupuliza. Anayekuuzia anakudanganya. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake, utie kwenye mfuko, uufukie mbali na njia ya maji. Funga mstari huo wa matone. Kisu kitie kwenye Jik sehemu moja kwa maji sehemu tisa kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine.

Kuuchoma udongo kwa jua, yaani kuumwagilia, kuufunika kwa nailoni angavu na kuuacha wiki 4 hadi 6, hufaa Bagamoyo kuliko Lushoto. Kwenye baridi yenu joto haliingii vya kutosha, na bakteria walio chini zaidi wanabaki. Kwako njia ya uhakika zaidi ni miche iliyounganishwa: shina la chini la biringanya sugu, kama EG203 inayopendekezwa na World Vegetable Center, shirika la kimataifa la utafiti wa mboga, ambao wana kituo Arusha, na juu nyanya uipendayo. Sia biringanya mapema kidogo kwa sababu huchelewa kukua. Mashina yakifikia unene wa milimeta 2, yakate yote kwa mshazari, yaunganishe kwa kibanio au kipira, kisha yakae wiki moja kwenye kibanda chenye kivuli kizito na unyevu mwingi. Wakati wa kupanda, pale palipoungwa pakae juu ya ardhi. Ukipafukia, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na kazi yote imekwenda bure.

Nina neti pande zote lakini kantangaze wameingia. – Msomaji, Mbeya

Kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya, huingia kwa njia tatu: tundu la neti linalozidi milimeta 1.6, mlango mmoja unaofunguka moja kwa moja nje, na miche iliyonunuliwa ikiwa na mayai. Jenga ukumbi wa milango miwili ili mmoja usifunguliwe mpaka mwingine umefungwa. Kagua kila mche upande wa chini wa majani kabla haujavuka mlango.

Mtego wa harufu hunasa madume peke yake. Utumie kujua wameongezeka lini, usiutegemee kama kinga. Majani yenye mikwaruzo myeupe ya viwavi yachume, yafunge kwenye mfuko mweusi, uuache juani. Ukiyatupa nje ya mlango unawarudisha ndani. Kiwavi hugeuka pupa, hatua ya kabla ya kuwa nondo, zaidi udongoni, kwa hiyo nailoni ya kufunika tuta husaidia. Viuatilifu vya Bt, vinavyotokana na bakteria, huua viwavi wadogo, pulizia jioni. Ukitumia vya viwandani, badilisha kundi la kiambato, si jina la chupa tu, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma zilizoandikwa kwenye lebo.

Kijana wangu wa kupunguza machipukizi anavuta sigara. Ni kweli inaambukiza nyanya? – Msomaji, Morogoro

Ni kweli. Virusi vya batobato ya tumbaku huishi ndani ya tumbaku iliyokaushwa, na mikono iliyoshika sigara huvihamishia kwenye kila kidonda cha mmea. Anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha achovye vidole kwenye maziwa kila baada ya mimea michache. Protini ya maziwa huvizuia virusi. Machipukizi ayavunje kwa vidole yakiwa na sentimeta 3 hadi 5, asubuhi umande ukiwa umekauka, na kidonda kitafunga kabla ya jioni. Sigara na ugoro vibaki nje ya kitalu.