Usiigawe hiyo barua

Dada, usiipeleke Jumatatu. Umesema afisa wa rasilimali watu (HR) amekushauri uandike malalamiko mawili: la kunyimwa cheo kwa sababu ya uanamke liende kwa kamati ya jinsia, la kudharauliwa kwa uchotara liende kwa afisa wa uwiano. Halafu ukaniuliza ujaze nini kwenye fomu ya wafanyakazi, kabila la mama au asili ya baba. Nilipofika hapo pa "mawili" nilisimama na simu mkononi mpaka chai ikafurika.

Mama yangu ni Mluo wa Ahero. Baba ni Mhindi wa hapahapa Kisumu, ukoo wake ulikuja na reli ilipofika Port Florence, jina la zamani la Kisumu, mwaka 1901. Nilifanya kazi ya mauzo miaka sita katika kampuni ya pembejeo. Nafasi ya usimamizi ilitangazwa mara tatu, nikaikosa mara tatu. Mara ya mwisho meneja alinieleza wazi: mwanamke mwenye sura yangu akienda Muhoroni, wakulima wa miwa watamwona Mhindi aliyekuja kudai pesa, akibaki mjini, wenye maduka hawatamheshimu kwa sababu ya upande wa mama. Mwanamume chotara, alisema, angeweza kujitetea.

Soma hapo tena. Wanawake wengine walipita. Machotara wanaume walipita. Mimi nilizuiwa pale mambo hayo mawili yalipokutana.

Kampuni ilikuwa imemlipa mshauri aje atufundishe ujumuishaji kazini. Nikamfuata baada ya semina, nikamweleza yote. Akaniambia malalamiko safi hubeba sababu moja, kwa hiyo niandike barua mbili, na akanipa sentensi ya kufungia kila moja. Ya kwanza: "Suala hili halihusu asili yangu." Ya pili: "Suala hili halihusu jinsia yangu." Nikaziandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi.

Majibu yalikuja siku moja, bahasha mbili za kaki, muhuri uleule wa zambarau. Moja ilisema wanawake wawili wamepandishwa cheo mwaka huu. Kweli, na hakuna chotara kati yao. Nyingine ilisema mkuu wa stoo ni chotara. Kweli, na ni mwanamume. Faili zikafungwa bila mtu kusema uongo hata neno moja. Nilizungushwa kwa rufaa za ndani mpaka nikaacha kazi. Wakili alizilaza zile barua mezani ubavu kwa ubavu, akaweka kidole kwenye sentensi zile mbili, akasema: "Mama, shahidi wa kwanza wa mwajiri ni wewe." Kesi ikaishia hapo.

Yule mshauri simsamehei. Alichukua pesa kufundisha jambo asilolijua, na si jambo geni. Mwaka 1976 wanawake watano weusi Marekani walishindwa mahakamani na General Motors kwa njia hiyohiyo: kampuni iliajiri wanawake, lakini weupe, na jaji akakataa kuunganisha rangi na jinsia katika dai moja. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw akaichambua kesi hiyo na kuupa ubaguzi wa aina hii jina, "intersectionality", akaufananisha na njia panda: gari laweza kukugonga kutoka upande wowote, au pande zote mbili kwa pamoja. Mshauri wa ujumuishaji hajui hilo? Mimi si muwa wa kukatwa vipande kila ofisi itafune chake!

Sheria yetu haikulazimishi ujigawe. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa msingi wowote. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja rangi, jinsia na asili ya kikabila katika orodha moja, na ukishadai ubaguzi, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba haukutokea. Usimpunguzie mzigo huo kwa sahihi yako.

Barua moja. Iandike hivi: "Nimenyimwa cheo kwa kuwa mimi ni mwanamke chotara, wanawake wasio chotara na machotara wanaume wamepandishwa." Weka tarehe, weka maneno ya meneja kama alivyoyatamka. Nakala ileile moja wape kamati na afisa wa uwiano, wote wagongee muhuri wa kupokea mbele yako. HR akisema haina pa kuwekwa, mwombe aandike hivyo na atie sahihi. Nitumie inboksi leo usiku niisome kabla hujaichapa.