Kabla hujahama Texas kwenda Minnesota: siku ulizonazo na vitu vinavyokwama

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Houston aliniandikia. Mkewe amepata kazi ya kutunza wazee Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis. Wana watoto wawili na gari moja, kesi yao ya kuomba hifadhi iko mahakamani, na wanataka kuondoka mwisho wa Novemba. Swali lake lilikuwa moja tu: lori la kuhamia ni bei gani?

Ndugu yangu, lori ndilo la mwisho. Nitalifikia. Tatizo letu tuliotoka Afrika Mashariki ni kudhani jimbo ni sawa na mkoa. Ukitoka Mwanza kwenda Arusha, leseni yako ya udereva ni ileile na kodi unalipa TRA ileile. Huku kila jimbo lina leseni yake, kodi yake, bima yake ya afya ya watu wa kipato cha chini, hata daftari lake la wauguzi. Hakuna karatasi inayokufuata yenyewe, na kila moja ina idadi ya siku zake.

Tuanze na kesi, maana hiyo ndiyo inayoweza kumrudisha mtu nyumbani.

Mwenye kesi mbele ya jaji wa uhamiaji ana siku 5 za kazi baada ya kuhama kupeleka fomu EOIR-33 mahakamani, na nakala kwa mawakili wa serikali. Fomu AR-11 ni nyingine kabisa: hiyo inakwenda USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ndani ya siku 10, na inamhusu karibu kila asiye raia, hata mwenye grini kadi ya miaka tisa. Ofisi hizi mbili hazipashani habari. Ukijaza moja ukadhani umemaliza, umefanya nusu ya kazi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. EOIR-33 inabadilisha anwani tu, haihamishi kesi. Kesi ya Houston inabaki Houston mpaka jaji wa Houston akubali ombi la maandishi la kuihamishia Fort Snelling, iliko mahakama ya uhamiaji ya Minnesota. Kupeleka ombi si kukubaliwa. Mpaka upate jibu la jaji, tarehe iliyo kwenye karatasi yako ndiyo tarehe, na chumba ni kilekile cha Houston. Asiyetokea huandikiwa amri ya kuondolewa nchini bila yeye kuwapo, na kuifuta amri hiyo ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo angalia kalenda kwanza. Kama tarehe iko wiki chache baada ya safari, peleka ombi mapema, au uombe kusikilizwa kwa video, na bado uwe na nauli ya kurudi mfukoni. Wakili anayekwambia "usijali, watakuandikia" muombe akuonyeshe karatasi.

Barua nazo zina mtego. Posta ya Marekani inakusogezea barua za kawaida kwa miezi 12 ukijaza fomu ya kubadili anwani. Ukiijazia ofisini kwao ni bure, mtandaoni wanakata ada ndogo ya kukuhakiki. Lakini bahasha nyingi za USCIS zimechapwa maneno yanayomwambia mtu wa posta azirudishe kwa mtumaji kama mpokeaji kahama. Kadi ya kibali cha kazi inarudi ilikotoka, nawe unasubiri Minnesota. Dawa ni kubadilisha anwani kwenye akaunti yako ya USCIS kwa kila ombi lililo njiani, bila kuitegemea posta. Ukifika, chukua kipande cha karatasi, andika majina yote ya ukoo yanayopokea barua nyumbani kwako, la baba, la mama na la mtoto mwenye jina la babu, ukibandike ndani ya sanduku la barua ambako mgawaji atakiona akifungua. Familia zetu zina majina matatu tofauti chini ya paa moja, na mgawaji asiyeliona jina hurudisha bahasha.

Anayekaribia kuomba uraia naye ahesabu. Ni lazima uwe umekaa miezi 3 katika jimbo au wilaya ya USCIS kabla ya kupeleka N-400, fomu ya kuomba uraia. Ukiwa tayari Texas, peleka ukiwa Texas, kisha hama na ubadilishe anwani; faili itahamishwa. Ukihama kwanza, umejiongezea robo mwaka. Na aliyeletwa kama mkimbizi ambaye hajamaliza siku zake 90 za mwanzo na shirika lililompokea, akihama huduma hizo kwa kawaida haziji naye.

Kazi. Wengi wanavutwa Minnesota na mshahara, na ni kweli: Texas kima cha chini ni dola 7.25 za serikali kuu, Minneapolis na St. Paul zina viwango vyao vinavyozidi dola 15 kwa waajiri wakubwa. Ila Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo, Minnesota inakata. Ngazi ya kwanza ni 5.35%, ya pili 6.80%, na mtu mwenye kazi ya kudumu na ovataimu huigusa hiyo ya pili. Usilinganishe dola kwa saa. Linganisha kinachoingia benki. Upande wa pili wa mizani, mwenye watoto na kipato kidogo ana nafuu ya kodi ya jimbo, iliyofika dola 1,750 kwa kila mtoto kwa kodi ya mwaka 2025, na nguo hazitozwi kodi ya mauzo, jambo utakalolishukuru siku ya kununua makoti manne. Mwaka wa kuhama unajaza kodi ya Minnesota kama mkazi wa sehemu ya mwaka, kwa hiyo tunza hati ya mwisho ya mshahara ya Texas inayoonyesha jumla uliyopata kabla ya kuondoka.

CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, wa Texas hana haja ya kurudi darasani, mradi jina lake liko hai kwenye daftari la Texas. Anaomba kuingizwa kwenye daftari la Minnesota, lililo chini ya idara ya afya ya jimbo. Kinachoharibu ni hiki: aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya malipo ya uuguzi jina lake linakufa, na inabidi apite upya mafunzo au mtihani. Mama aliyekuwa nyumbani na mtoto miaka miwili ajikague kabla ya kumwahidi mwajiri. Juu ya hapo kuna ukaguzi wa rekodi wenye alama za vidole kabla ya kuachwa peke yako na mgonjwa, kwa hiyo weka akiba ya wiki kadhaa bila mshahara.

Muuguzi mwenye leseni ya RN ana pigo kubwa zaidi. Texas imo katika mkataba wa majimbo yanayotambuliana leseni za uuguzi, Minnesota haimo. Ile leseni ya majimbo mengi unayojivunia haifanyi kazi hapa hata siku moja. Unaomba ya Minnesota kwa njia ya kuthibitishwa na bodi ya awali, na uanze ukiwa bado Houston.

Dereva wa malori, leseni ya CDL unaihamisha ndani ya siku 30 na si zile 60 za leseni ya kawaida, maana hiyo ni sheria ya nchi nzima. Mwenye kibali cha kubeba mizigo hatari ajiandae kwa mtihani wa maandishi, isipokuwa kama aliufanya ndani ya miaka miwili iliyopita.

Tukija kwenye gari. Una siku 60 za kubadili leseni na namba. Texas umezoea ada moja ya usajili, dola 50 na senti pamoja na vijimambo vya kaunti. Minnesota wanatoza kwa thamani na umri wa gari, na gari jipya linaweza kudai mia kadhaa kwa mwaka. Gari ulilolinunua na kulisajili kwa jina lako Texas zaidi ya siku 60 kabla ya kuhamia halitozwi kodi ya mauzo. Ndiyo maana kununua gari wiki mbili kabla ya safari, eti Texas magari ni rahisi, ni hesabu mbaya. Kama gari lina mkopo, hati ya umiliki iko kwa mkopeshaji. Mpigie mapema umuulize atafanyaje, la sivyo utakaa kaunta ukiwa na funguo bila hati.

Bima ya gari haihami kwa kubadilisha anwani tu. Minnesota kila upande hutibiwa kwanza na bima yake mwenyewe, na sheria inadai kinga ya majeruhi isiyopungua dola 40,000, pamoja na kinga dhidi ya dereva asiye na bima. Bima ya chini kabisa ya Texas haina hayo kwa lazima. Usikate ya zamani kabla mpya haijaanza, hata kwa saa.

Kaunta hiyohiyo ya leseni inaweza kukuandikisha kupiga kura. Kama wewe si raia, ukiulizwa jibu ni hapana, na ukague karatasi kabla ya kutia sahihi, hata kama karani ana haraka. Kujiandikisha kwa bahati mbaya kumewaharibia watu maombi ya uraia, na wengine wamefunguliwa kesi ya kuondolewa.

Halafu baridi. Wastani wa usiku wa Januari Minneapolis ni kama nyuzi 9 za Fahrenheit, yaani 13 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na hiyo ni wastani. Betri iliyokaa miaka mitatu au minne kwenye joto la Houston tayari imechoka ndani. Joto ndilo linaloiua, baridi inakuja kuizika. Kwenye sifuri ya Fahrenheit betri hata nzima hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya kuwasha. Ipimeni Texas, dukani wanapima bure mara nyingi, na mkibadilisha chagueni yenye CCA kubwa, yaani nguvu ya kuwasha kwenye baridi, kwa saizi ya gari lenu. Maji ya rejeta yawe mchanganyiko wa nusu kwa nusu, si maji ya bomba yaliyoongezwa siku gari lilipochemka. Na yale maji ya kuoshea kioo: soma lebo. Ya Texas mara nyingi yameandikwa nyuzi 32, maana yake yanaganda pale maji yanapoganda. Unakanyaga barabara yenye chumvi na theluji ya tope, unabonyeza, hakitoki kitu, au kinatoka na kuganda kiooni mbele ya macho yako ukiwa maili 60 kwa saa. Malizeni yote tangini kabla ya kuondoka, jazeni yaliyoandikwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Afya na chakula nitapita haraka. Medicaid ya Texas, ile bima ya watu wa kipato cha chini, haitibu Minnesota zaidi ya dharura. Ifunge kupitia simu ya 2-1-1, omba barua ya kufungwa, kisha omba Medical Assistance, ndiyo Medicaid ya Minnesota, kwenye kaunti mpya. Watu wazima wasio na watoto, ambao Texas iliwaacha nje, huku wanaweza kuingia kwa kipato. Kadi ya SNAP, ya msaada wa chakula, ya Texas inasoma kwenye duka la Minnesota, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kusoma si ruhusa ya kuendelea kuitumia ukiwa mkazi wa kwingine. Kudanganya unakoishi ili upokee majimbo mawili kwa wakati mmoja ni kufungiwa miaka 10. Dawa za pumu na presha chukueni za kutosha mwezi mmoja. Watoto: kadi za chanjo na ripoti za shule, basi. Chakula cha asubuhi na mchana shuleni ni bure kwa wote.

Nyumba ya Houston ina mambo mawili. Ukivunja mkataba, soma kifungu cha ada ya kupangisha upya. Kwenye mikataba mingi ya apatimenti za Texas ni 85% ya kodi ya mwezi, na ukishailipa bado unadaiwa kodi mpaka apatikane mpangaji mwingine. Ada hiyo si tiketi ya kutokea. La pili, mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha dipoziti, lakini wajibu huo haumbani mpaka umpe anwani yako mpya kwa maandishi. Meseji ya "tumehama bosi, asante" haina anwani. Andika barua, ipige picha.

Ukifika, jua kwamba mwenye nyumba Minnesota, kama joto analiendesha yeye, lazima nyumba ifike nyuzi 68 kati ya Oktoba 1 na Aprili 30. Kama unalipa gesi mwenyewe, uliza bili ya Januari iliyopita kabla ya kutia sahihi.

Sasa lori. Bei inabadilika kwa siku, kwa hiyo uliza tarehe tatu tofauti, za katikati ya wiki na katikati ya mwezi. Vyumba viwili vinaingia kwenye la futi 15. Safari ni kama maili 1,200: I-45 mpaka Dallas, kisha I-35 moja kwa moja kupitia Oklahoma City, Kansas City na Des Moines. Lori hilo hula kama galoni moja kwa maili 10, kwa hiyo panga galoni 120, na zaidi kukiwa na upepo wa Kansas. Barabara ya kulipia ya Kansas haina tena kibanda cha pesa taslimu. Wanapiga picha namba, na kampuni ya lori inakukata baadaye na ada juu yake. Ukiajiri wabebaji badala ya kuendesha, hakiki namba yao ya USDOT, yaani ya usajili wa wizara ya usafirishaji, na ujue kwamba kwa makadirio yasiyofunga hawawezi kuzuia vitu vyako wakidai zaidi ya 110% ya bei waliyokadiria siku ya kushusha.

Na mkiingia Minneapolis theluji imeanguka, msiliegeshe lori popote mlipoona nafasi. Jiji likitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza, saa 3 usiku mpaka saa 2 asubuhi, njia kuu zilizowekewa alama hazitakiwi kuwa na gari upande wowote. Siku ya pili, saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, mnaondoa magari upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa ya kawaida. Siku ya tatu, saa zilezile, upande wa witiri. Gari lililobaki linavutwa, na la kukodi linavutwa vilevile, likiwa na magodoro ndani.