Kijumba cha mfano kilichozeeka: weka kopo la rangi kando kwanza

Watu wakiniletea modeli ya jengo iliyochongwa kwa mkono zamani, swali la kwanza huwa: tununue rangi gani? Msinunue. Ukiipaka upya utabaki na kijumba kipya, na kipya hata fundi wa soko la Kibuye, Kisumu, atakuundia. Alama za kisu, dirisha lililokaa upande, mstari wa penseli uliosahaulika chini ya paa, hivyo ndivyo vya kutunzwa.

Kilicho mezani kwangu sasa ni duka lenye baraza, aina iliyoenea Kisumu baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Kipimo ni 1 kwa 50. Kuta ni plaiwudi ya kasha la chai, na paa ni ile karatasi ya madini iliyotandikwa ndani ya kasha, ikakunjwa kuiga mabati. Migongo ya mabati halisi kwa kawaida huachana milimita 76; hapa ni moja na nusu. Aliyeikunja alijua hesabu! Lakini makasha ya kale mengine yalitandikwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na rangi za zamani huwa nayo pia. Usipige msasa, na nawa mikono kabla ya kushika chapati.

Ukiona unga laini ukimwagika kwenye vitundu, mna wadudu. Dawa ya kupuliza huacha madoa. Mimi hukifunga kijumba kwa nailoni ya kuuzwa kwa mita (mifuko ya plastiki tulishaiaga 2017, Kenya ilipoipiga marufuku), nikakitia kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Kikitoka, usifungue mpaka kipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye mbao.

Vumbi huondoka kwa brashi laini. Uchafu uliogandamana, tumia pamba na mate. Ndiyo, mate. Hata wahifadhi wa makumbusho huyatumia, kwa kuwa yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu. Jaribu mahali pasipoonekana, na pamba iliyokwisha kugusa rangi isirudi mdomoni.

Viungo vikiachia, tazama gundi. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama kioo, huenda ni ya ngozi ya mnyama. Usiifunike kwa zile za kukauka papo hapo. Siku ukitaka kuzitoa zitaondoka na mbao. Nunua jelatini isiyo na ladha, iloweke kwenye maji baridi mpaka ivimbe, kisha ipashe kwenye bakuli lililo ndani ya maji moto. Isichemke, itapoteza nguvu. Inashikana vizuri na gundi ya zamani, na maji ya uvuguvugu huilegeza.

Nguzo moja ya baraza haipo. Nitachonga nyingine na kuiandika mwaka kwa penseli upande wa nyuma, asije mtu akadhani ni ya asili. Mwenyewe anataka pia taa ndani. Nimemkubalia kitaa cha betri, bila kutoboa ukuta, bado tunabishana.