Unafuta folda ya .git? Ngoja kwanza

Mkuu, usibonyeze kitu. Logo na bei ulizouliza, baadaye. Nimesoma uzi wako hadi pale unaposema umechukua mfumo wa duka wa mtu, leseni MIT (ile inayoruhusu kutumia msimbo bure), ukafuta majina yake, na leo usiku unafuta .git, folda ambamo programu ya Git hutunza historia yote ya mabadiliko, "ili uanze upya kama wangu". Chai imenipoa mkononi. Huyo ni mimi wa 2019, tofauti ni kwamba wewe bado hujaumbuka.

Mimi nilipotoshwa na jamaa wa kundi la WhatsApp aliyejiita mwalimu. Tulimlipa 50,000 kila mtu. Somo lake kuu: "cha bure hakina mwenyewe". Leseni ya MIT ni fupi, unaimaliza kabla maji hayajachemka, na sharti lake ni moja tu: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe yabaki kwenye kila nakala. Uza, badilisha, ipe jina la bibi yako, ruksa. Mwalimu mzima hakuwahi kuisoma! Na 50,000 yangu kala.

Basi nikafuta .git, nikafungua repo mpya (hifadhi ya msimbo), nikaiamuru kompyuta ibadilishe jina la mwenyewe kila linapotokea, liwe jina la kampuni yangu. Kampuni yenyewe ilikuwa mimi na laptopu. Nikapata mteja wa maduka manne, milioni 9. Siku ya kuonyesha mfumo akaletwa dada wao wa IT, mpole, salamu anaitikia kwa sauti ya chini. Akaomba faili la kuchapisha risiti. Akashuka nalo taratibu, akasimama kwenye maelezo fulani pembeni ya msimbo: "não mexer", yaani usiguse. Akaniuliza, "Kaka, Kireno ulijifunzia wapi?"

Nikamjibu niliwahi kukaa Beira, Msumbiji.

Chekeni tu. Akanakili mistari mitatu, akaitafuta mtandaoni, mradi wenyewe huo hapo, una tarehe za miaka mitatu kabla yangu. Akarudi kwenye historia ya repo yangu. Ingizo la kwanza: mistari 41,000, Jumapili, saa tano usiku. "Yote hii uliiandika usiku mmoja?" Bosi wake akafunga daftari. Hawakuuliza hata kama mfumo unafanya kazi, na ulikuwa unafanya kazi! Ningesema tangu mwanzo kwamba msingi ni wa fulani, mimi nimeongeza Kiswahili, VAT na malipo ya simu, wangenilipa kwa hivyo nilivyoongeza. Walichokuwa wanakitafuta ni hivyo hivyo.

Ukadhani yameishia hapo? Nilikuwa na wateja wengine wawili wadogo. Miezi michache baadaye yule Mreno, au Mbrazili, sijui, akarekebisha kosa la kujumlisha punguzo lililokuwa linawala wateja wangu senti kila risiti. Kwa aliyefoku kistaarabu, yaani aliyenakili mradi pamoja na historia yake, hiyo ni kazi ya kuvuta mabadiliko, dakika tano. Mimi Git ikanigomea: historia hizi mbili hazina undugu. Nilikaa wiki mbili nalinganisha mafaili mstari kwa mstari kwa macho, na kila palipokuwa na jina lake mimi nilikuwa nimelibandika langu, kwa hiyo kila kitu kilionekana tofauti. Nilijifungia nje na funguo nikazitupa mwenyewe.

Kwa hiyo: unaongeza, hufuti. Faili la LICENSE, mstari wake ubaki, wako unakaa chini yake. README, faili la maelezo ya mradi, sentensi ya kwanza iseme umetokea wapi. WordPress, ile ya kutengenezea tovuti, ilianza 2003 kutokana na programu ya blogu iitwayo b2, na mpaka leo faili lake la leseni linamtaja mwandishi wa b2, Michel Valdrighi, 2001 na 2002. Imewapunguzia nini? Na msidhani ni adabu tu. Marekani, kesi ya Jacobsen na Katzer, 2008, programu ya treni za kuchezea: waliochukua mafaili wakaondoa majina ya waandishi, na mahakama ya rufaa ikasema kukiuka masharti ya namna hiyo kunaweza kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Treni za kuchezea, jamani.

(Ingekuwa leseni nyingine, GPL toleo la 3, ungetakiwa pia kueleza kuwa umebadilisha, na tarehe. Leseni ya Apache 2.0 ina faili la NOTICE, la matangazo ya waandishi, nalo likiwepo lazima libaki. Soma, usiulize WhatsApp.)

Kama umeshafuta, bado unaokoka. Nakili upya mradi wa asili, simama kwenye toleo ulilochukua, fungua tawi lako, mwaga mafaili yako juu yake, rudisha majina yake, hifadhi. Historia yake inabaki, kazi yako inaonekana kama kazi yako.

Uliuliza nini kingine, Play Store? Sijawahi kuweka kitu huko, wenzangu watakujibu. Wewe ukishamaliza na hiyo .git uje uandike hapa, maana sitalala.