Printa ya mezani kwako haitoi karatasi ukiwa ndani ya rimoti? Usikimbilie draiva

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya IT sapoti, hii ishu mtakutana nayo mapema na haitawaacha. Mtu yuko nyumbani au tawi lingine, ameingia kwenye seva kwa Remote Desktop (ndo hiyo tunaiita rimoti), amefungua mfumo wake wa uhasibu, anataka ankara itoke kwenye printa iliyo pembeni yake hapo mezani, anaprinti, kimya. Anakupigia. Na we kwa sababu ni mgeni unawaza draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, unaanza kuitafuta mtandaoni uipachike kwenye seva. Acha kwanza. Draiva ndo iwe kitu cha mwisho kugusa.

Elewa kwanza kinachoendelea. Programu anayoitumia huyo mtu inafanya kazi kwenye seva huko mbali, kwake inakuja picha ya skrini tu, kwa hiyo seva haina habari kabisa kwamba mezani kwake kuna printa. Anayeipa taarifa ni ile programu ya kuunganishia iliyoko kwenye kompyuta yake, yaani pale anapoingia inabeba orodha ya printa zake na kuipeleka kule. Ndo maana printa hizo ni za sesheni yake tu, mtumiaji mwenzake aliyeko kwenye seva hiyohiyo hazioni, na akitoka zinaondoka naye.

Kwa hiyo anzia kwake, si kwenye seva. Mwambie aprinti ukurasa wa majaribio bila rimoti kabisa, maana ukisikia hata huo hautoki basi umeshajua tatizo ni waya au wino au karatasi imekwama, rimoti haihusiki. Ukitoka, afungue Remote Desktop Connection, abonyeze Show Options, aende Local Resources aangalie kama Printers imewekwa tiki. Kama anatumia faili la .rdp (lenye setingi za kuunganisha) alilotumiwa na mtu lifungue kwa Notepad utafute mstari wa redirectprinters:i:1, ukikuta mwishoni ni 0 basi mchawi ndo huyo, weka 1 usevu. Halafu hapa wengi wanakosea, wanabadilisha huku sesheni imefunguliwa wanashangaa mbona hamna kitu, jamani orodha inabebwa wakati wa kuunganisha, lazima akate aingie upya.

Ikikubali, ndani ya rimoti ataona printa yake kwa jina lilelile, mwishoni limeongezewa neno redirected na namba. Hiyo namba iangalieni vizuri maana ina kesi zake. Ni namba ya sesheni, leo inaweza kuwa 2 kesho 5, inategemea ameingia lini na wangapi wako ndani. Sasa kuna programu, hasa mifumo ya mauzo na uhasibu ya zamani, ambazo ukichagua printa zinahifadhi jina zima pamoja na namba, kesho yake mtu anaingia namba imebadilika, programu inatafuta printa ambayo haipo tena, anakwambia "jana ilikuwa inaprinti vizuri sijagusa kitu", na ni kweli hajagusa kitu! Dawa yake ni kuiambia programu itumie printa chaguomsingi badala ya kuitaja kwa jina, halafu kwenye kompyuta ya mtumiaji uweke printa sahihi iwe chaguomsingi, kwa kawaida seva inaifuata hiyohiyo. Kama ni Windows 10 au 11 zima na ile setingi inayoiruhusu Windows ijichagulie yenyewe printa chaguomsingi, la sivyo akiprinti kitu kimoja tu kwenye printa nyingine inahamia huko na unapigiwa simu tena.

Tiki ipo, ameingia upya, bado printa hazionekani? Sasa ndo uende kwenye seva. Angalia huduma ya Print Spooler, ile inayosimamia foleni ya kuprinti, kama inafanya kazi, bila hiyo hamna printa itakayoonekana. Ila ukiikuta imezimwa usiiwashe kiholela. Mwaka 2021 kulitokea lile tundu la usalama la PrintNightmare na Microsoft wenyewe wakataja kuzima Spooler kama njia mojawapo ya kujikinga, kwa hiyo inawezekana kuna mtu aliizima makusudi, muulize. Angalia pia Group Policy, yaani kanuni za Windows anazoweka msimamizi wa mfumo, kuna kipengele cha Do not allow client printer redirection, kikiwashwa tiki ya mtumiaji haina maana. Hicho mara nyingi kimewekwa ili nyaraka zisitoke nje ya ofisi, usikizime kimyakimya kisa mtu analalamika, omba ruhusa tena kwa maandishi.

Na draiva je? Tangu Windows Server 2008 kuna kitu kinaitwa Easy Print, seva inatumia draiva moja ya jumla, inatengeneza faili la XPS (aina ya faili la kurasa, kama PDF) na kulituma kwa mtumiaji, halafu draiva ya kompyuta yake ndo inamalizia kazi. Kwa printa nyingi za kawaida za ofisini huhitaji kupachika chochote kwenye seva, na draiva mbovu ukiipachika kule inaweza kuangusha Spooler ya watu wote waliomo. Printa za risiti na za lebo ndo zinazosumbua kweli, kwa sababu programu nyingi zinazituma amri zake moja kwa moja, kama kukata karatasi au kufungua droo ya pesa, na Easy Print haizipitishi vizuri. Hapo sawa, weka draiva yenye jina lilelile pande zote mbili na uiambie seva isiipe Easy Print kipaumbele.

Kama intaneti ni ya kusuasua, faili lenye picha nyingi linaweza kuchukua muda mrefu kufika. Mtu akibonyeza tena na tena zitakuja nakala zote kwa pamoja, na akikata sesheni kabla karatasi haijatoka, kazi iliyoko kwenye foleni inapotea na printa yake. Mimi kwa nyaraka ndefu nawashauri wasevu PDF, waweke tiki kwenye Drives, walihamishie faili kwao kupitia \\tsclient\C (ndo diski C ya kompyuta yao inavyoonekana ndani ya rimoti) kisha waprinti wakiwa nje ya rimoti.

Akikwambia "imeprinti lakini haijatoka", mwombe skrinishoti ya dirisha la kuprinti kabla hujagusa lolote, usome jina la printa iliyochaguliwa. Kama halina neno redirected, huenda karatasi imetokea kwenye printa ya ofisini, mpigie aliyeko huko aiendee haraka, hasa kama ni orodha ya mishahara.