Muonekano au urahisi wa kutumia, kipi kinafanya watu wapende duka la mtandaoni?
Vyote mzee, ila kila kimoja na wakati wake. Muonekano ndo unaamua kama utabaki, mtafiti Lindgaard na wenzake kule Kanada walipima 2006 wakakuta mtu anaamua ukurasa unavutia au la ndani ya milisekunde 50, yaani hata bei hujaiona. Na kitu kizuri machoni watu hukidhania ni rahisi kutumia, Wajapani walishaliona hilo 1995 kwenye skrini za ATM. Ila ukifika kwenye kulipa uzuri hausaidii kitu, wakikulazimisha ufungue akaunti na neno siri lenye herufi kubwa sijui alama gani, alafu gharama ya kusafirisha inachomoza mwishoni, unafunga unasepa. Kwenye nguo na vipodozi lakini picha bado zinabeba sana.